Chupa ya Kelestini

Jumatatu, 2 Juni 1913

Mvua imekatika, mpunga unasubiri mikono, na mjukuu wangu Kelestini amelala mkekani kama akida. Anasema akikojoa anaumia. Nimemwambia aende kwa daktari Mjerumani aliyepiga hema karibu na misheni, anayechoma watu vidole na kutazama damu. Yupo hapa Ifakara mpaka Jumamosi ya wiki ijayo.

Wa kunisaidia kuvuna hayupo. Mkewe, Tekla, nilimrudisha kwao Kisawasawa baada ya Pasaka. Miaka mitano, tumbo tambarare! Sikumrudisha kwa matusi. Kidogo tu.

Jumanne, 3 Juni

Mjukuu wangu karudi na jambo la kuniudhi. Daktari kamwuliza ana watoto wangapi. Hana. Amewahi kuugua kisonono? Eti ndiyo — mwaka ule aliobeba mizigo ya Wazungu kwenda Kilosa, kabla hajaoa. Kanificha mimi bibi yake niliyemlea! Sasa daktari anataka aletewe mbegu zake ndani ya chupa, atazame kama zina uhai.

Nilianza kucheka. Kicheko kikakatika chenyewe.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda mwenyewe kumgombeza huyo daktari. Msaidizi wake Nikodemu ndiye anayetafsiri, na nadhani maneno yangu mengine aliyameza. Daktari hakukasirika. Kaniketisha mbele ya chombo chake cha shaba, kaniambia nifumbe jicho moja. Tone la maji ya bondeni tu — lakini lina watu! Vidudu vinakwenda, vinageuka, vinagongana.

Nikodemu kasema mbegu ya mwanaume nayo ndivyo ilivyo, vidudu vyenye mikia kama viluwiluwi, maelfu. Visipokuwamo, au vikiwamo vimelala tu, mke atazaa na nini? Na kisonono huweza kuziba njia yao. Nikauliza, mbona hamwanzi na mwanamke? Kasema huanza na mwanaume kwa sababu ni rahisi.

Rahisi!

Chupa ninayo. Ndogo, mdomo mpana. Isitiwe sabuni, isipate baridi, ibebwe kwapani, ifike hemani ingali na joto la mwili. Kelestini kaitazama kama nyoka.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa Padri kaniita pembeni. Keshasikia. Mtu kujitoa mbegu akiwa peke yake ni dhambi, atamnyima komunyo. Nikamwuliza basi itoke wapi. Kasema kwa mkewe wa ndoa, na zaidi ya hapo asiulizwe. Masikio yake mekundu.

Mkewe wa ndoa! Na binti niliyemposea Kelestini kule Namawala? Padri kasema huyo hahesabiki, na kwamba alinikataza toka Pasaka nisimfukuze Tekla. Kweli alinikataza.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefagia ua mara tatu. Nimemkaripia kuku.

Miaka minane iliyopita, kwenye vita na Wajerumani, wanangu watatu walijipaka ile dawa ya maji wakaenda kupiga boma la Mahenge. Risasi hazikugeuka maji. Kelestini alitaka kuwafuata baba zake, nikamfungia ndani ya ghala la mpunga siku nne, analia, ananitukana. Kisha ikaja njaa, tukala mizizi, wanawake nao wakafa. Nikabaki naye peke yake.

Sasa nataka kujua nilificha nini mle ghalani.

Jumanne, 10 Juni

Kelestini hataki kwenda kumwomba mkewe. Anaona haya. Kasema, wewe bibi ndiye uliyemfukuza. Nimechukua fimbo na chupa. Nimeondoka mwenyewe. Magoti yanawaka, tope halijakauka. Nalala kwa watu njiani.

Jumatano, 11 Juni. Kisawasawa

Nimemkuta Tekla anatwanga. Kaacha mchi, kapiga goti, "Shikamoo, bibi." Kisha kaendelea kutwanga. Kigoda kaleta mama yake.

Nimesema yote. Kisonono, viluwiluwi, Padri, Jumamosi. Nimesema arudi nami, walau mpaka daktari atazame. Mama yake kasema viluwiluwi mtaroni kwao wamejaa, nijaze chupa niende zangu. Nimeinamisha kichwa. Mimi!

Tekla hakucheka. Katwanga mpaka mpunga ukataka kupepetwa. Ndipo akaniuliza, taratibu, bila kunitazama:

"Na ikionekana ni yeye, bibi, utamrudisha kwao wapi?"

Kwao ni kwangu.

Nimemwambia kwamba nilikosa. Sijui kama nilisema kwa sauti ya kutosha, maana ameshatia mpunga mwingine. Tusipoondoka kesho alfajiri, hatuwahi. Hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Chupa iko kwapani kwangu, tupu, ina joto bure.

Mchi wa pili umeegemea ukuta. Nikimaliza mstari huu nitanyanyuka niushike.