Jani Moja Kutoka Ngonga

Jumamosi, Bondeni. Mvua inanyesha tangu alfajiri, ile ya Kyela isiyo na haraka ya kwenda popote. Nina hasira, na leo hasira yangu ni tamu.

Nimetoka Ngonga, kwa shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Siku tuliyoanua matanga ya mama, ndugu walipokuwa wakigawana vitu vyake, yeye alinyoosha kidole barazani akasema anataka lile ua. Begonia ya mama, yenye majani mapana, katikati rangi ya fedha, pembeni zambarau. Shangazi huyo huyo alimcheka mama miaka yote kwa kuhangaika na majani yasiyoliwa. Niliomba nibaki nalo mimi. Akanijibu mbele ya watu, "Wewe ni wa kuolewa. Utalipeleka wapi?" Ndugu wakacheka. Baba akatazama chini.

Sijasahau hata kicheko kimoja.

Leo nimelikuta kwake limenyong'onyea, majani ya chini yamekuwa ya njano. Amelihamisha. Chungu cha zamani cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, ambacho mama alikitoboa tundu chini kwa msumari, amekitupa nyuma ya jiko. "Kilikuwa kinavuja," amenieleza. Amelipanda kwenye chungu kipya cha kupikia, kizima, kizuri, akakijaza tope jeusi la shambani. Shangazi amelima mpunga maisha yake yote. Kwake mmea ukilegea, una kiu.

Mama alilipanda kwenye mboji ya majani ya mkakao, mchanga wa ziwani na vipande vya mkaa. Aliingiza kidole kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, hamwagilii. Aliliweka kwenye mwanga, lakini si juani. Maji yakituama, lile shina nene linalotambaa juu ya udongo linaoza, na likishaoza hakuna dawa. Haya yote alinifundisha.

"Haya, msomi wetu," shangazi amesema. "Ua la mama yako linataka nini?"

"Maji, shangazi. Zidisha maji."

Nimesema hivyo nikitabasamu. Akanishukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga", akaenda kuchota.

Aliporudi nikamwomba jani moja. "Jani moja la nini? Kama mama yako tu," akacheka, akalikwanyua mwenyewe. Nikaomba na kile chungu kibovu. Akanipa, pamoja na pole.

Hajui kwamba begonia ya aina hii huzaliwa kutoka kwenye jani. Nimefika nyumbani nikaligeuza, nikakata mishipa mikubwa ya upande wa chini kwa wembe, nikalilaza kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya chungu cha mama na kulibana kwa vijiti ili mikato iguse mchanga. Juu nimefunika nailoni angavu. Pale palipokatwa hutoka mizizi, kisha mche mdogo.

Mpango wangu ni huu. La kwake lioze. Langu likistawi, nitalibeba hadi Ngonga, niliweke mezani pake, ninywe chai yake taratibu, halafu niondoke nalo. Njia nzima juu ya bodaboda, mvua ikinipiga usoni, nilikuwa naiona siku hiyo. Kila mara shangazi ananyamaza. Kila mara na ndugu wote wapo.

Kuna jambo moja tu halimo katika mpango.

Lile linalozama Ngonga si la shangazi. Ni la mama, shina lile lile alilokuwa akiligusa kwa vidole vyake. Na jani likilazwa mchangani, ama linaota ama linaoza. Mama mwenyewe yalimwozea mengi.

Mimi ninalo hili tu.

Sentensi moja kwenye simu ingetosha: shangazi, toboa chungu. Angetoboa papo hapo, kisha angesimulia kanisani jinsi alivyoliokoa ua la wifi yake.

Sipigi.

Nimefunua nailoni kulitazama jani, ingawa halitafanya chochote kwa wiki kadhaa. Nikajikuta naliomba msamaha. Jani!

Mama angepiga. Najua. Ndiyo maana walizoea kumchukulia vitu, hata alipokwisha kufa.

Sipigi. Mvua haijakatika, na chungu cha shangazi kiko ukingoni mwa baraza, chini ya matone ya bati.

Kama kweli sipigi, kwa nini bado nimeshika simu?