Wifi Kaning'olea Mihogo Yangu Migonjwa

Jumatano. Jua kali, upepo hakuna.

Assalamu alaykum, wasomaji wangu. Hamjambo na watoto? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo iliyonifika kooni.

Shamba langu la Chwaka mnalijua. Miaka mitatu muhogo unantia aibu: juu majani yana madoa ya manjano kidogo tu, ukichimba, ndani umeoza kahawia. Mwaka huu Bi Salma, mtaalamu wa mbegu, kaniletea mbegu aliyoizalisha kwa kuchanganya muhogo wetu na mwingine usioshikwa na ugonjwa huo. Sharti lake moja: katikati ya mistari ya muhogo mpya tupande na wa zamani unaoumwa. Inzi weupe wautoe ugonjwa huku, waupeleke kule, tuone mpya utastahimili au hautastahimili.

Jana nilikuwa Chukwani kwa binti yangu, kajifungua. Nyuma, wifi yangu Bi Kazija, dada mkubwa wa mume wangu, akapita shambani. Kaiona ile mihogo migonjwa, kajifunga kanga kiunoni, kaing'oa yote, kaichoma moto. Ndivyo tulivyofundishwa sote: muhogo ukiumwa, ng'oa, choma.

Leo nimemkuta kibarazani kwake, kucha bado zina masizi. Nikamwamkia.

"Marahaba. Nshakusafishia shamba, mvivu we. Maradhi nayo yanafugwa?"

Nikamwambia ahsante.

Ahsante! Ningesema nini? Kosa langu. Nilijitapa mtaa mzima kuwa shamba langu limechaguliwa kujaribia mbegu, lakini habari ya mistari migonjwa niliinyamazia, watu wasije wakasema nimesomeshwa kupanda ugonjwa.

Sasa muhogo mpya umesimama unapendeza, na hakuna anayejua ni nguvu zake au ni kwa kuwa adui kachomwa. Na bila ya kujua, mbegu haigawiwi mtu.

Nilitaka kumwambia Bi Salma ng'ombe wameingia shambani. Lakini ng'ombe hachomi moto, na Mungu ananiona. Nikampigia simu, nikamweleza yote. Kasema shamba langu msimu huu halihesabiwi tena, tutaanza upya masika, inshallah.

"Lakini wifi yako umwambie mwenyewe, bi. La sivyo atang'oa tena."

Ndipo niliponasa. Mtu mzima kanifanyia wema, kainama juani kutwa, nami niende nikamwambie kaniharibia?

Kesho nnakwenda, sina budi. Nyinyi mngeanzia wapi? Nijibuni upesi, tafadhalini, kabla sijatoka.