Migomba Niliyoikata kwa Ajili ya Hopsi Zako

Baba Neema,

Hata "mwakeye" ya asubuhi sikupi leo. Salamu ni za watu wanaoheshimiana, na wewe Jumapili umenivua nguo mbele ya ndugu zako. Simu ilikuwa mkononi mwa shemeji, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, wazee wote wa kwenu hapa Busunzu wamekaa wanakusikiliza ukiwa Ujerumani: "Mama Neema alichagua mahali pabaya. Ndiyo maana hopsi hazitoi maua."

Mimi! Mimi ndiye niliyechagua?

Ngoja nikukumbushe, maana naona baridi ya huko imekula kichwa chako. Tulipooana ulikuja kwetu Rungwe Mpya na baiskeli, ukabeba miche ya migomba aliyotupatia mama, ukaileta hapa Busunzu. Uliuzunguka uwanja huu peku, unakanyaga, unachimba kwa kidole, unanusa udongo. Ukasema, "Hapa, mke wangu. Maji ya kuoshea vyombo yatafika yenyewe." Siku ile nilikupenda, nisikufiche. Na migomba ile ndiyo imemlisha Neema na mdogo wake miaka yote unayovuna hopsi za wazungu.

Kisha ukamtuma mtu alete mizizi ya hopsi, imeviringishwa kwenye gazeti lililoloa. Maua yake hutiwa kwenye bia iwe chungu, ukasema, na sisi tutatajirika tukiwa tumekaa. Ukataka picha ya uwanja. Nikawasimamisha watoto mbele ya migomba, nikapiga. Hukusema hata "Neema amekua." Ulisema, "Waondoe, wananiziba. Jua linafika wapi?" Halafu ukaamuru nikate migomba yote ya upande wa kusini wa nyumba. Nilishika panga mwenyewe. Nilikata huku nalia, jirani akadhani nimefiwa.

Misimu mitatu nimeteka maji. Hopsi zilipanda kamba mpaka juu ya bati, majani tele, ua hata moja hakuna. Nikamwita bwana shamba. Alicheka kwanza, kisha akanionea huruma. Huko uliko jua hukaa kusini. Hapa kwetu wakati wa kiangazi linapita kaskazini. Tena mmea wenyewe unataka baridi kali na mchana mrefu ambao Kibondo haijawahi kuuona. Hakuna kona ya uwanja huu ingeufaa. Nilikwambia yote hayo. Ulinijibu kwa alama ya dole gumba.

Na sasa umemtuma shemeji akate na migomba iliyobaki, eti "tujaribu upande wa pili." Alikuja jana asubuhi na panga begani. Nikasimama mbele ya migomba, nikamwambia, "Shemeji, anza na mimi." Akashusha panga, akanywa uji, akaondoka. Mdogo wako ana aibu. Wewe yako umeiacha wapi?

Miaka yote hii kila anayeniuliza namwambia mume wangu atarudi, anatujali, ana kazi nyingi tu. Nimechoka kukusemea uongo. Hopsi nimezing'oa, mbuzi wamekula. Simu za kunipangia uwanja sipokei tena.

Siku utakayorudi, usiingie moja kwa moja kama mwenyewe. Simama nje, piga hodi, usubiri kusikia kama yupo atakayekukaribisha.

Mimi niliyekuwa mkeo,
Mama Neema