Besi ya Kipkurui

Onyancha, ile video ya wanajeshi walio vitani ng'ambo wakiimba niliyokutumia jana, nikisifu besi inayoendelea kuvuma wenzake wakishanyamaza, ifute.

Leo Edinah ameisikia kwenye simu ya Nelvine, karani wa mizani, tukipima majani chai. Akataka irudiwe. Ikarudiwa. Akataka tena.

"Huyo ni bwanangu. Hata kwaya ya Kaplong ilishindwa kumnyamazisha kwa wakati."

Nelvine akacheka: "Wacha, mama! Si Kipkurui alienda kukimbia marathoni?"

Marathoni, Onyancha. Kanisa zima liliiombea miguu yake.

Edinah akamwonyesha kwa kidole: yule wa nyuma, bunduki begani.

Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe husoma habari za hiyo vita. Wageni waliosajiliwa jeshini huachiliwa lini?"

Nilimjibu kwamba sijui.

Ninajua: hadi vita iishe, au wao.