Nilimnawisha Mikono Mwenye Bunduki

Mpendwa mshauri Mama Noela, shikamoo, naomba msaada wako maana sina wa kumweleza akaniamini. Mume wangu Jilala alinichukua hapa Ushirombo tukaishi nchi ya jirani, yeye anachimba dhahabu, mimi nawapikia wachimbaji, vibali hatuna, na mchana mmoja nimeshaepua ugali wakaingia askari wa kule na bunduki, Jilala na wenzake wakazama duarani, ndani ya shimo la dhahabu, sisi akina mama tukalazwa chini, mkubwa wao akaninyanyua akiuliza wanaume wako wapi, na mimi, Mama, sijui ni woga sijui ni malezi, kwetu mgeni hapewi maneno kabla ya maji, nikajikuta nimepiga magoti na jagi na beseni nasema, "Karibu unawe, baba."

Mayu wane, mama yangu! Alinitazama nikajua nimekwisha. Halafu akaiegemeza bunduki kwenye figa, akakinga viganja, nikammiminia. Wakanawa wote, wakala wote. Akasema kwa Kiswahili cha kuvunjika, "Chakula chako nimekula, siwezi kukufunga. Ondokeni leo hii."

Tumerudi salama, lakini Jilala anatangaza kwamba nina dawa. Wenzake, watu wazima, wananiamkia shikamoo, wanataka turudi kule kule nikawe kinga yao. Nikikataa, ati nimewanyima riziki. Nina mtoto anayenyonya. Je, niende?

Paskazia

Marahaba, Paskazia. Pole, mwanangu. Nimesoma barua yako nikajikuta nimesimama. Mungu ni mkubwa.

Lakini wewe nawe! Mtu alizama shimoni akakuacha juu na wenye bunduki, leo unauliza kama umfuate? Dawa huna. Una malezi ya mama yako, na siku ile yalikutana na mtu ambaye naye alilelewa. Wa kesho humjui. Mungu akikuvusha mto wenye mamba, usirudi kuogelea.

Usiende. Ita wazazi wako na wakwe zako, waketi, useme yote mbele yao, na duara alilozamia ulitaje. Hilo neno dawa likome hapo hapo, maana huku kwetu limeshaua akina mama walioitwa wachawi. Wasipolikomesha, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji mapema.

Na Jilala aking'ang'ania, mkabidhi jagi na beseni. Kama dawa ipo, imo humo. Atangulie yeye akapige magoti.