Mizani za Wimbo wa Furaha

Ijumaa jioni

Kosa la wengi wetu ni kuhesabu mizani za Kiingereza kwa macho. Kiswahili kimetuzoesha kutamka kila vokali iliyoandikwa, basi na Kiingereza tunakigawa hivyo hivyo. Nimefundisha miaka thelathini, na bado…

Shairi la harusi ya binti yangu Furaha nililitunga kwa Kiingereza, kwa heshima ya wakwe wa Zambia: mizani nane kila mstari, zilingane na wimbo wa kwaya. Leo kwenye mazoezi bwana harusi alilisoma mwenyewe. *Hope* na *loved* nilikuwa nimeyapa mizani mbili mbili. Yeye aliyatamka kwa pigo moja moja. Mistari ikaisha, kinanda kikaendelea peke yake.

“Papa, hapa panabakia wazi,” kiongozi wa kwaya akacheka. “Kesho tujazie na aleluya?”

Furaha hakucheka. “Papa, kesho ukoo wake wote utakuwa pale.”

Nikamjibu kwamba Kiingereza ni lugha ya ovyo. Si kweli. Niliona haya tu kumwomba mkwe anisahihishe.

Basi, mwalimu, mpigie mkwe wako simu leo hii, asome kila mstari, nawe uhesabu kwa sikio.