Ubeti Unaonihusu

Jumatano, alfajiri

Wengi hukosea wakidhani anayeimba maisha yake hujianika peke yake. Huwaanika na waliomlea.

Jana jioni mjukuu wangu Neema alikuja na zeze lake. Leo anarekodi wimbo wake kwenye studio moja mtaa wa Kizota.

"Shikamoo babu. Ubeti wa pili unakuhusu wewe. Ukikataa, nautoa."

Akaimba jinsi nilivyolivunja zeze lake la kwanza, alipofeli kidato cha pili. Kweli tupu. Nikaogopa: wazee wenzangu kanisani watasema nini?

"Nimekupunguzia, babu. Zile kelele zako sijaziimba!"

Nilicheka hadi machozi. Lakini ruhusa sikumpa, akaondoka. Bila ubeti huo, nani ataelewa kwamba uchungu wa zeze lile ndio uliomfanya aanze kutunga?

Leo, kabla hajaanza kurekodi, nimpigie simu nimwambie auimbe wote.